JBL Ni Jina la Msee: Fundi wa Spika Aliyeuza Jina Lake, Kisha Akahangaika Kulirudisha

Hizo herufi tatu unazijua. Ziko kwa ile spika ya mkebe yenye jirani yako huwasha Jumamosi akifua. Ziko kwa sherehe za ufuo Diani, ziko kwa milango ya magari ya watu wameomoka, ziko hata kwa kumbi za sinema. J, B, L. Wengi hudhani ni kifupi cha kitu cha kiufundi, kama vile USB. Zii. Ni jina la mtu: James Bullough Lansing, Mmarekani, aliyezaliwa 1902 na kufariki 1949. Na hata hilo jina lenyewe hakuzaliwa nalo.

Nikuambie mapema tu: spika zenye huyu mzee alikuwa anaunda ni kinyume kabisa cha hiyo ya kubeba kwa bag. Zake zilikuwa kubwa, nzito, za bei, na hazikuwa na kiu ya stima. Wati chache, kama zile za balbu ya bafuni kwako, zingetosha kuamsha ploti nzima mpaka keataka apande ngazi. Kwa nini basi leo jina lake liko kwa kitu kinatoshea mkononi? Hapo ndipo stori iko, na ukiielewa hautawahi nunua spika tena kwa kuangalia tu sanduku limeandikwa wati ngapi.

Wacha kwanza nikupe rada ya vile spika inafanya kazi, ndio tusiachane njiani. Spika ni sumaku, koili ya waya, na koni ya karatasi. Stima ya muziki inapita kwa koili, sumaku inaisukuma koili mbele na nyuma, koni inasukuma hewa, hewa inakufikia masikioni. Rahisi. Shida ni kwamba hewa ni nyepesi mno. Koni inapoisukuma ni kama mtu kupiga ngumi shuka iliyoanikwa kwa kamba: nguvu nyingi inaenda bure. Spika ya kawaida ya nyumbani hugeuza kama asilimia 1 tu ya stima kuwa sauti, mara nyingi hata chini ya hapo. Hiyo ingine yote inakuwa joto. Unalipia tokeni za kupasha waya moto.

Kuna dawa ya hiyo shida, nayo ni honi. Si ile ya matatu. Naongelea shepu ya tarumbeta, kama zile spika za juu ya misikiti na magari ya kampeni. Honi inaishika hewa vizuri mbele ya koni ndio isiponyoke, na honi iliyotengenezwa fiti inaweza kugeuza zaidi ya asilimia 20 ya stima kuwa sauti. Noma, si ndio? Lakini mawimbi ya besi ni marefu. Noti ya hezi 40, ile unasikia kwa kifua badala ya masikio, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita 8 na nusu. Pima keja yako halafu urudi. Honi ya kubeba wimbi kama hilo inataka mdomo mpana kama mlango wa gereji na shingo ndefu ya kutosha kukunjwa mara kadhaa ndani ya kabati.

Kwa hivyo mafundi wa spika wamekuwa wakipigana na sheria moja tangu zamani. Unataka sauti kubwa kwa stima kidogo, unataka besi ya chini kabisa, na unataka spika ndogo. Chagua mbili. Ya tatu utaiacha, hata ukiwa na doh kiasi gani. Lansing maisha yake yote ya kazi aliacha ile ya udogo, na kwa wakati wake alikuwa sahihi kabisa.

Sasa twende kwake. Alizaliwa James Martini, Januari 14, 1902, kaunti ya Macoupin jimbo la Illinois. Alikuwa mtoto wa 9 kati ya 14, na baba yake alikuwa mtu wa kazi za migodi, zile za kuhamahama. Kuna kipindi alilelewa na familia ingine mji wa Litchfield, familia ya kina Bullough, na hapo ndipo ile B itatoka baadaye. Shule hakusoma sana. Alimaliza junior, akachukua kozi kidogo kwa chuo kidogo cha biashara huko Springfield, akaachia hapo. Mimi nilitoka kampasi mwaka wa pili kwa hivyo hii sehemu nilisoma mara mbili nikitabasamu, lakini tusijipe moyo sana: huyu jamaa alikuwa na mikono ambayo mimi na wewe hatuna.

Kuna hadithi husimuliwa kwamba akiwa na miaka kama 12 aliunda redio ya kurusha mawimbi, na mawimbi yake yakafika hadi kituo cha wanamaji wa Marekani kwenye Maziwa Makuu ya huko kwao, wakamfuata nyumbani wakaizima. Ukweli wake wote sitauapia. Chenye kinajulikana vizuri ni kwamba akiwa kijana alikuwa fundi wa magari. Halafu mwaka wa 1924 mama yake akafariki, naye akafunga virago akaelekea magharibi, mpaka Salt Lake City jimbo la Utah. Akapata kazi kwa stesheni ya redio. Hapo mjini akakutana na watu wawili walioshika maisha yake: Glenna Peterson, aliyekuja kuwa mkewe, na jamaa anaitwa Ken Decker, aliyekuja kuwa mshirika wake wa biashara.

Huyo Decker mshike vizuri kwa akili. Lansing alijua spika. Decker alijua pesa. Wakahamia Los Angeles, na Machi 9, 1927 wakaandikisha Lansing Manufacturing Company. Wakati huo huo James Martini akabadilisha jina, akawa James Bullough Lansing.

Walianza na spika za redio za nyumbani, biashara ya kawaida tu. Lakini angalia mwaka. Ni 1927, mwaka huo huo sinema za Hollywood zilianza kuongea na kuimba. Ghafla kila ukumbi Marekani unataka spika za kujaza watu elfu moja, na amplifaya za enzi hizo zilikuwa za taa za kioo, zenye kutoa wati chache kwa bei ya kuvunja mgongo. Leo wati ni rahisi kama maji ya bomba. Wakati huo wati ilikuwa kama maji ya chupa jangwani. Ukiwa na amplifaya ndogo hivyo na ukumbi mkubwa hivyo, hauna mjadala: ni honi.

Kufikia 1933 bosi wa sauti wa studio ya MGM, Douglas Shearer, alikuwa amechoka na spika za sinema zilizokuwepo. Akaamua watajiundia zao. Mhandisi wake John Hilliard akasimamia mradi, na kazi ya kutengeneza zile spika zenyewe, koili na koni na sumaku, ikaenda kwa karakana ya Lansing. Walitumia njia mbili: honi kubwa iliyokunjwa chini kwa besi, na honi ndogo juu kwa sauti kali.

Hapa kuna kitu kimoja kitamu sana ambacho hata leo watu wenye spika za mamilioni bado wanabishania. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila elfu moja ya sekunde. Mifumo mikubwa ya zamani, honi ya besi ilikuwa ndefu kuliko ya juu kwa mita mbili na zaidi. Maanake besi ilikuwa inachelewa. Kwa hotuba hauwezi gundua. Lakini inasimuliwa kwamba mcheza densi Eleanor Powell alipogonga sakafu kwa viatu vyake vya chuma, watu wa MGM walisikia kila hatua mara mbili, kama ana mwenzake nyuma. Timu ikapunguza ile tofauti ya urefu mpaka mwangwi ukapotea. Kwa hivyo ukisikia mtu akijigamba ati spika yake ina njia tatu, njia nne, muulize kama hizo njia zinafika kwa wakati mmoja. Kugawa sauti kwa vipande vingi kunakupa nguvu kila upande, lakini kuviunganisha tena kuwa mtu mmoja anaimba mbele yako ni kazi ingine.

Mfumo huo ulipata Oscar ya kiufundi ya mwaka 1936. Tuzo ikaenda kwa Shearer na idara ya sauti ya MGM. Lansing alirudi karakana.

Na kule karakana akafanya kitu chenye kinatuhusu zaidi sisi watu wa nyumbani. Alichukua lile wazo la sinema akalipunguza likawa mfumo mdogo unaitwa Iconic, koni ya inchi 15 chini na honi ndogo juu, wa studio na wa sebule za wenye nazo. Hapo alikuwa ameshaanza kuachilia kitu. Chini kulikuwa na koni ya kawaida ndani ya sanduku badala ya honi ndefu, kwa hivyo nguvu ya besi ilipungua ukilinganisha na ile ya sinema. Lakini ilipita mlangoni. Ile shepu, koni kubwa chini na honi ndogo juu, bado unaiona kwa spika za harusi, krusedi na klabu mpaka leo.

Halafu 1939 Ken Decker akafa kwa ajali ya ndege. Mambo yakaanza kwenda ngori. Lansing angeweza kukaa siku nzima akihangaika na upana wa pengo la sumaku, lakini hesabu za kampuni hazikuwa kitu chake. Ndani ya miaka miwili deni lilikuwa limembana, na Desemba 4, 1941 akauza kampuni yote kwa watu wanaitwa Altec, kwa dola 50,000. Siku tatu baadaye Pearl Harbor ikapigwa na Marekani ikaingia vitani.

Kampuni mpya ikaitwa Altec Lansing. Hilo jina huenda unalijua. Kama umewahi kuona spika za kompyuta za Altec Lansing, ni ukoo huo. Lansing akawa makamu wa rais wa uhandisi kwa mkataba wa miaka 5. Kwa ufundi, hiyo ndiyo miaka yake mitamu. Alipata mbinu ya kukunja waya bapa, ile ya utepe, ukiwa umesimama kwa ukingo ndio koili ibebe shaba nyingi kwa nafasi ndogo. Akaunda pia spika ya 604, ambayo ilikuwa jibu lingine kwa lile tatizo la kuchelewa: badala ya kuweka honi juu na koni chini, akaweka honi katikati ya koni yenyewe, sauti zote zikatoka sehemu moja. Studio za kurekodi ziliipenda hiyo kitu kwa miongo. Imba mbele ya spika kama hiyo kwa umbali wa mita moja na utasikia sauti moja. Shida ni kwamba ile honi imekaa njiani mwa koni, na haiwezi kuwa kubwa vile ungetaka. Unaona? Kila dawa iko na madhara yake. Yeye na Hilliard, ambaye pia alikuwa amefika Altec, wakatoa na mfumo wa sinema wa Voice of the Theatre, 1945.

Mkataba ulipoisha 1946, akahepa. Oktoba 1 mwaka huo akafungua kampuni yake: Lansing Sound, Incorporated. Altec wakamwambia hapo umekosea, jina la Lansing tulinunua. Hebu fikiria hiyo. Jina uliojichagulia mwenyewe, halafu unakatazwa kuliandika mlangoni kwako. Suluhu ikawa aandike jina lake lote: James B. Lansing Sound, Incorporated. Herufi zenye umebeba kwa bag zilitokea hapo, kwa ugomvi wa kibiashara.

Wakati huo alikuwa na shamba San Marcos, kusini mwa California, la maparachichi kama watu wa Murang'a, na sehemu ya kazi za kwanza za kampuni ilifanyiwa huko. Hapo ndipo akatoka na spika inayofanya watu wa sauti wakitaja jina lake wanyamaze kidogo: D130.

D130 ni koni ya inchi 15. Hiyo si ajabu. Ajabu ilikuwa koili: upana wa inchi 4, kubwa kuliko chochote kilichokuwa kinauzwa kwa kazi hiyo, ya utepe wa alumini uliokunjwa kwa ukingo, ndani ya sumaku nene ya alnico, na koni nyepesi mbele yake. Ukiipa wati 1 ukasimama mita 1, inapita desibeli 100. Spika nyingi nzuri za nyumbani siku hizi ziko kati ya 85 na 90 kwa kipimo hicho. Usione hiyo ni tofauti ndogo. Kila desibeli 10 unazokosa zinataka nguvu mara 10. Kwa hivyo ile D130 ikiwa na wati 5, spika ya desibeli 87 inahitaji kama wati 100 kuifikia. Na kwa sababu koili ni pana na haipati joto haraka, ngoma inapoingia inaingia kweli, hailegei. Ukisikia spika inaitwa ya haraka, inamaanisha kitu kama hicho.

Lakini iko na bei yake, na si ya pesa peke yake. Koni nyepesi yenye imeshikwa kwa nguvu hivyo haishuki chini sana. Ile besi ya kutetemesha ukuta ya ngoma za leo, D130 haina. Inakupa besi ya gitaa na ngoma ya mguu, kavu na wazi, halafu inakuachia hapo. Kama wewe unasikiza Gengetone na unataka dirisha litikisike, mzee Lansing hangekusaidia. Kama unasikiza benga na unataka kusikia kila kidole kwa nyuzi, hapo mtaelewana.

Alafu kuna pesa yenyewe. Hiyo koili, hiyo sumaku, huo ufundi, vyote vilikuwa ghali kuunda, na soko la watu wa kununua lilikuwa bado dogo. Kampuni ya ndege ya Marquardt iliweka doh, wakampa nafasi ya kufanyia kazi na mweka hazina wao, William Thomas, akaanza kushika vitabu. Lakini Marquardt yenyewe ikanunuliwa na kampuni ya matairi, General Tire, ambayo haikuwa na haja na spika. Thomas na Lansing wakabaki kivyao. Kufikia 1949 kampuni ilikuwa na madeni ya karibu dola 20,000. Mzee alikuwa ameunda moja ya spika bora duniani na bado alikuwa amesota.

Septemba 1949, nyumbani San Marcos, James Lansing alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 47.

Alikuwa amechukua bima ya maisha ya dola 10,000, na mlipwaji alikuwa kampuni. Bima ikalipa. Hiyo pesa, pamoja na kichwa cha biashara cha Thomas, ndiyo ilifanya JBL isife mwaka huo. Thomas baadaye akanunua hisa za mjane, Glenna, akawa mwenye kampuni. Ile nusu ya kazi yenye Decker alikuwa ameshika mpaka 1939 ilikuwa hatimaye imepata mtu, lakini mtu wa nusu ingine hakuwepo tena.

Sitakudanganya ati hii part ni rahisi kuandika. Tunasonga.

Chini ya Thomas, JBL ikaenda mpaka mwisho wa ile njia ya Lansing. Mwaka wa 1954 ikatoa Hartsfield, honi kubwa ya kona. Ujanja wa kona ni huu: kuta mbili za nyumba yako zinakuwa mdomo wa honi, kwa hivyo kabati inaweza kupungua. Paul Klipsch wa Arkansas alikuwa ameshafanya hivyo tangu 1946 na spika yake ya Klipschorn. Inafanya kazi vizuri sana, bora uwe na kona mbili zilizo wazi, kuta nzito, na landlord asiye na maswali. Kuta za mbao nyembamba na jirani amelaza mtoto ni habari ingine. Kisha 1957 ikaja Paragon, kabati moja ya mbao iliyopinda kama fanicha ya ikulu, karibu mita 2.7 kwa upana na zaidi ya kilo 300, spika za kushoto na kulia zikiwa ndani ya mwili mmoja. Ilikaa sokoni hadi 1983.

Lakini wakati JBL inaunda hayo majitu, kuna walimu wengine walikuwa wanapiga hesabu tofauti. Mwaka ule ule wa Hartsfield, 1954, Edgar Villchur huko Massachusetts alileta spika ya AR-1. Alichukua sanduku dogo, akaliziba kabisa hewa isitoke, akaacha hewa ya ndani iwe ndiyo springi ya koni. Besi ikashuka chini kuliko makabati makubwa. Kwa sanduku la kuweka kwa shelfu! Alichoacha ni kile Lansing alipigania: ilikuwa inakunywa wati kama nganya inavyokunywa dizeli. Halafu Uingereza, 1957, Peter Walker wa Quad akatoa spika isiyo na koni wala koili. Ni utando mwembamba wa plastiki wenye chaji ya umeme, umekaa katikati ya bamba mbili. Kwa sauti ya mtu anaimba, wengi mpaka leo wanasema hakuna kitu kimeipita kwa uwazi. Ila haipigi kwa nguvu, besi ni haba, na ukiilazimisha unaichoma.

Sasa weka hizo zote mezani. Honi inakupa nguvu na uhai, inachukua nafasi yako. Sanduku lililozibwa linakupa besi na nafasi, linachukua wati. Utando unakupa ukweli, unachukua sherehe. Villchur ndiye alishinda mtaani, na haikuwa kwa sababu masikio ya watu yalibadilika. Rekodi za stereo ziliingia 1958, kila nyumba ikahitaji spika mbili badala ya moja, na nani atapata kona mbili za Hartsfield? Kisha miaka ya 1960 amplifaya za transista zikaanza kushusha bei ya wati. Ile sababu kubwa ya kuwa na honi nyumbani ikayeyuka. JBL yenyewe ikafuata: 1970 ikatoa L100, sanduku la kuweka kwa shelfu lenye wavu wa sponji ya rangi, na likauza sana.

Hiyo mkebe yako nayo ni mtoto wa mwisho wa njia ya Villchur. Ni ndogo, iko na besi, kwa hivyo kile imeacha ni nguvu. Jaribu leo: iwashe sauti ya katikati, sikiza besi, kisha ipandishe mpaka mwisho. Utasikia besi imepungua ukilinganisha na ile ingine yote. Haijaharibika. Kuna kompyuta ndogo ndani inakata besi makusudi ndio koni isiruke nje. Na kwa keja ya mita tatu kwa tatu, si mbaya hata kidogo. D130 humo ingekuwa kama kuegesha lori jikoni. Lakini kama una sebule na unataka kununua spika za maana, zile za kukaa nazo miaka 20, uliza kwanza desibeli kwa wati 1 kabla uulize wati. Ya desibeli 95 na amplifaya ndogo ya mitumba inaweza kukufurahisha kuliko ya desibeli 84 inayotaka amplifaya ya bei ya pikipiki. Mimi ningeenda na ya kwanza. Dada yangu, ambaye ndiye hufagia sebule, ana maoni tofauti.

Sidney Harman alinunua JBL 1969, na mwaka wa 2017 Samsung wakakamilisha kununua Harman yote kwa karibu dola bilioni 8. Ile D130 iliendelea kuundwa miaka mingi baada ya Lansing. Fender waliiweka kwa amplifaya za gitaa za miaka ya 1960, kwa sababu ilivumilia wapiga gitaa wa kelele. Na Paragon nyingi ziliishia Japani. Huko kuna mikahawa ya jazi yenye watu huingia, wananunua kahawa, hawaongei, wanasikiza rekodi tu. Baadhi ya hiyo mikahawa bado inapigia wateja kwa Paragon, ukuta mzima wa mbao, wakati mwingine ikisukumwa na amplifaya ya taa za kioo ya wati chache tu.